Daftari la Zawadi

Miaka tisa daftari hili limekaa mezani pangu,
jalada jekundu, kona zimeliwa na mende,
na ndani yake mna zawadi tatu:
kalenda ya benki,
kalamu ("haiandiki"),
na nusu keki, iliyotangazwa na Bwana Tirop
ambaye tulimcheka mpaka akastaafu.

Tatu. Na huko uani
magari yameegeshwa hadi yanagusana masikio.

Leo kamati imeketi ghorofa ya pili
kurekebisha kanuni za maadili.
Mimi ndiye mpiga chapa, nasikia yote.
Kifungu cha nne kilisema: mtumishi aweza kutangaza
zawadi aliyopewa kwa ajili ya cheo chake.
Diwani Nyaboke wa Mowlem, muhula wake wa kwanza,
viatu bado vina vumbi la kampeni,
akasema: futeni aweza. Andikeni sharti.

Hapo pakachimbika.

Mmoja akauliza, na kuku je?
Mpiga kura wangu akiniletea kuku, nimfukuze naye?
Wakajadili kuku saa nzima na robo:
jogoo, tetea, mayai yakiwa trei,
kuku aliyechinjwa na kuku anayepumua,
mpaka chai ikaletwa, ikanywewa,
na hakuna aliyeuliza nani kailipia.
Ardhi haikutajwa.
Ploti haiwiki ndani ya buti la gari.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema mwenyekiti.
Nyaboke, bila kuinua sauti:
"Basi hata wenye kitu tusiulambe. Tuuoshe."
Nikaandika. Nikafuta, maana haikuwa hoja rasmi.
Nikairudisha.

Sharti imepita kwa kura moja,
ya mheshimiwa aliyekuwa amesinzia
akazinduka mkono uko juu.

Sasa ni saa moja usiku. Nimebaki peke yangu
na daftari jipya, kurasa mia mbili, linanukia gundi.
Nakumbuka Machi ya mwaka juzi:
mtungi wa gesi, kilo kumi na tatu,
ulioletwa mlangoni kwangu Jericho na kijana mwenye kofia.
"Mama, ni wa Bwana Musembi. Anasema asante."

Asante ya nini? Sikuwa nimemfanyia kitu.
Faili lake lilikuwa chini ya mafaili arobaini.
Kesho yake likawa juu.
Sikumbuki kulipandisha. Mkono ulikumbuka.
Hakuomba lolote; ndio ustadi wenyewe.
Na maharagwe yaliiva vizuri tu.
Sikuonja dhambi, ila chumvi ilizidi siku moja.

Katika wale arobaini alikuwamo mama mmoja wa Burma
aliyeomba leseni ya kuuza supu.
Alikuja mara tano. Alikaa kwenye benchi lile lenye mguu mbovu,
akiegemea upande ili lisimwangushe,
na kila mara aliniamkia kwa adabu.

Kanuni mpya itaanza tarehe mosi,
na hairudi nyuma. Hainitaki mimi.
Lakini natia tarehe.
Jina: Peris Khavetsa, karani.
Zawadi: mtungi wa gesi, umekwisha.
Sababu ya kupewa:

safu hii ni nyembamba, vidole viwili,
waliochora waliamini sababu huwa fupi.
Naanza na benchi.
Wino unavuka mstari, unaingia pambizoni.