Upande wa Pili

Posta ya Jinja wamenitoza ushuru, elfu hamsini na nane,
kwa kitu walichokiandika kwenye fomu: sahani, moja.
Karani alilitikisa kasha, akatega sikio,
akauliza kama ni ya chakula.
Nikamwambia ndiyo, mama, kwa namna fulani.

Nimelifungulia nyumbani, Walukuba, chini ya dirisha.
Ganda jipya, picha ile ile ya zamani:
Lucius Tarrant ameishika tarumbeta kama kuku ambaye hajalipiwa,
Odell Pruitt na saksafoni yake, kofia imemlalia jicho moja.
Walikutana studio siku moja tu, ganda linasema,
Jumanne ya mvua, mwaka hamsini na nane,
wakapiga nyimbo sita, kila mtu akashika njia yake.
Sasa imetolewa upya, kutoka utepe wa kwanza.
Gramu mia na themanini. Mkono unaushangaa uzito.

Ile ya kwanza ilikuwa ya Bwana Vithaldas, msimamizi kiwandani.
Mwaka ule wa siku tisini alimwita baba,
akamkabidhi funguo za nyumba, askari wakazichukua kesho yake,
na gramafoni na santuri, ambazo hawakuzitaka.
Baba, Isabirye, baba wa pacha, mtia rangi vitambaa,
buluu hadi viwikoni,
hakuijua jazi wala jina lake. Alisema tu:
hawa wawili ni kama nyinyi,
huyu akianza uongo, mwenzake anaumalizia.
Basi tarumbeta ikawa Waiswa,
aliyenitangulia kwa dakika kumi na katika kila kitu.
Saksafoni nikawa mimi, Tenywa.

Halafu mkwaruzo.
Upande wa pili, wimbo wa pili:
saksafoni inapanda, inapanda,
inaunyoosha mguu kuifikia ngazi ya juu,
tak,
na tayari tuko kwenye ngoma.
Miaka arobaini nimeupiga mluzi wimbo huo pamoja na tak yake.

Nani? aliuliza baba, mkanda mkononi.
Mimi, akasema Waiswa.
Hakuwa hata nyumbani. Alikuwa mtoni,
nywele zake zilikuwa bado zinadondosha maji.
Baba aliziona zile nywele. Nadhani aliziona.
Alimchapa hata hivyo,
nami nyuma ya pazia nikahesabu sita,
sindano ya gramafoni ikinichoma kiganjani.

Hatujawahi kulizungumza.
Yuko Malmö, anaendesha basi la usiku kwenye theluji.
Ndani ya kasha ametia kikaratasi:
Upande wa pili. Usiirushe sindano.

Umeme ukakatika, bila shaka.
Bwawa linanguruma ng'ambo ya mji,
majirani wanauziwa mwanga, sisi tunapapasa kibiriti.
Nikakaa gizani, santuri magotini,
ukucha ukitafuta, kwa mazoea tu, pale palipochubuka.

Saa nne ukarudi.
Saksafoni ikapanda. Nikafumba macho,
taya zikajiandaa.
Haikuja.
Kumbe pale, katika sekunde tisa tulizonyimwa,
Pruitt anakosea.
Noti mbili, mbichi kabisa,
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
Hata mpiga ngoma anasita.
Na Tarrant, ambaye haikuwa zamu yake,
anaingia na noti zile zile mbili,
kosa lile lile, kwa sauti kubwa zaidi,
analirudia, analizungusha, analivika kilemba,
hadi huwezi kusema nani alianza.

Nikairudisha mara sita.
Mara ya saba nikapiga simu.
Alikuwa ameegesha kituo cha mwisho, injini ikiunguruma.
Umesikia? akauliza.
Nikasema, Waiswa, siku ile, ule mkwaruzo...
Akaanza kupiga mluzi, polepole, wimbo ule,
akapanda, akapanda,
na alipofika pale
akatia tak.