Kumi na Saba, Kumi na Nane

Saa nane usiku, Soroti. Jenereta limekohoa, likashika.
Daftarini mwangu wamo wawili:
kumi na saba, Emorut, miaka minne,
analia mpaka vioo vya dirisha vinamjibu;
kumi na nane, Asekenye, mitatu na nusu,
yuko pajani kwa mamake, anamenya karanga.

Homa yao moja: thelathini na tisa, nukta nne.
Chini ya hadubini vimelea vyao ni ndugu,
vipete vya zambarau. Nimevihesabu mara mbili.
Daktari kasimama mlangoni:
"Kitanda cha karibu na oksijeni ni kimoja. Nani?"
Na jicho lake liko kwa anayelia.

Nazungusha damu. Wekundu unazama,
juu kunabaki maji rangi ya mafuta ya simsim.
Humo ndimo zinamoogelea protini, wambea wa mwili:
ukuta wa mshipa ukianza kuvuja
zenyewe zimeshajua,
kabla ya ngozi, kabla ya pumzi,
kabla ya mama.

Tone moja, kijiti kimoja. Tone, kijiti.
Dakika kumi na tano nasikia maganda yakivunjwa.

Mstari wa Emorut: penseli iliyofutwa.
Wa Asekenye: mweusi,
kama ukucha uliobanwa na mlango.

"Huyu anakula," mama ananiambia. "Mpe yule."
Mimi mtu wa Arua, Kiteso changu ni cha kununulia mihogo;
nina neno la *mgonjwa*, nina neno la *mzima*,
la aliye katikati ya njia sina.
Nikamwonyesha mstari kwa kidole.
Akatazama kidole.

Kijiti kimewahi kunidanganya, sikatai.
Jumanne iliyopita. Nililiandika hilo pia, kwa wino.
Daktari alinitazama kwa muda, kisha
akamnyanyua binti pamoja na karanga zake.

Saa kumi na dakika kumi punje ikamponyoka,
ikabiringika hadi mguuni pa muuguzi.
Macho yakageuka meupe.
Bomba lilikuwa puani tayari.

Sasa kunakucha, mwamba umeanza kuonekana,
mtu anadeki korido kwa maji ya Jik.
Mbele ya kumi na nane, safu ya mwisho bado haijaandikwa.
Anapumua; namhesabu kutoka hapa mlangoni,
mimi ambaye kazi yangu huishia kwenye chupa.

Kumi na saba ameamka.
Anadai karanga.