Picha ya Kumi na Tano

Mimi nilimngoja kipepeo.
Kiwavi nilimchuma pamoja na jani lake
kwenye mdimu wa mamangu, ule wa debe, darini Kuze,
nikamtia chupa ya asali, kitambaa mdomoni.
Akala, akanya, akanenepa, akajifunga.
Siku ya nane ikashuka kamba laini kama ute
na mwisho wa kamba, funza.
Mama akasema, Tupa.
Sikutupa.
Funza akakauka akawa punje ya rangi ya buni iliyoungua,
na Ijumaa moja, kabla ya alasiri,
punje ikapasuka kichwani:
nzi.

Kazi yangu ni picha za kipande.
Miaka kumi na tisa hapa Bondeni,
pazia jeupe, kigoda, taa mbili.
Kaa wima. Vua kofia. Masikio yaonekane.
Usicheke, mzee wangu, serikali haitaki meno.
Nzi nikamwambia yayo hayo.
Akasugua mikono, huu kwa huu,
kama mtu aliyeshiba cha mwenziwe,
akaniachia picha kumi na tatu za ukungu.

Ya kumi na nne nilimpelekea Daktari Mbeyu Ngowa,
asomaye mabawa kama wengine wasomavyo viganja.
Akajibu usiku:
Mshipa umepinda kama kiwiko, vizuri.
Nywele za mgongo ni sindano za magunia, vizuri.
Ni wa ukoo wa wale wanaotagia miili ya wenzao.
Lakini jina lake hasa liko chini,
shavuni na tumboni, taa yako haikufika.
Mtie kwenye friza. Mchome pini. Niletee.

Nikakaa na simu mkononi.
Ukoo ninao. Jina sina.

Hali hii naijua.
Mzee Shekue amekuja kwangu mara tatu mwaka huu.
Uso wake unaonekana wote, hata makovu ya ndui,
na kule dirishani wanamwambia picha ni nzuri,
ila babu yako alizikwa wapi, na nani shahidi?
Mara ya tatu sikumtoza.

Friza ya mama ina samaki na barafu za kuuza.
Nilifungua mlango wake, nikaufunga.
Kisha nikalala chali sakafuni, mtu mzima,
chupa juu ya viti viwili, taa ubavuni,
nikangoja atembee juu ya kioo.
Akatembea.
Tumbo lile, miguu sita, shavu na nywele zake:
kitu kizima, kwa nukta moja, bila pini.

Daktari akajibu neno moja tu:
Karibu.
Mpaka leo sijui
kama alisema tumekaribia
au alikuwa ananikaribisha.

Nikaondoa kitambaa.
Mama hakuniuliza kitu; alikuwa akihesabu majani ya mdimu
yenye matundu mapya.
Jumatatu Mzee Shekue atarudi.
Kigoda nimeshakifuta.