Kila Neno Lina Bei

Miaka thelathini na mmoja mama yangu, Cvetka,
alihesabu maneno ya watu kwa ncha ya penseli
kwenye dirisha la telegramu, posta ya Žirovnica.
Kila neno lina bei. Alimfutia mfiwa "mpendwa",
akamfutia bwana harusi "sana",
akamwachia kila mtu kiini na nukta.

Sasa baba hayupo, mizinga kumi na sita ni yake,
mwezi wa pili, theluji magotini,
na mimi niko Maribor. Nimemwekea akili unde kwenye simu
nikidhani nimempatia mtu wa kushinda naye.

Aliandika:
NYUKI WANAKUFA. NIFANYE NINI.

Ikamjibu kwa adabu, sababu kumi na mbili,
kuanzia utitiri hadi sumu ya mashambani,
zote kweli, hata moja si yake.
"Inaongea kama mheshimiwa anayezindua daraja," akaniambia.
"Imesema yote, haikusema kitu."

Mama, nikasema, haikuoni.
Haijui kama uko mlimani au jangwani,
kama leo ni Agosti.
Mficha maradhi, mwisho wake unaujua.
"Sijaficha. Nimebana matumizi."
Kisha kimya. Kisha buti zikivaliwa.

Mzinga wa saba una kibao alichochora babu yake baba:
shetani kwenye kinoo, ananoa ulimi wa mwanamke,
cheche zinaruka.
Mama alikichukia kibao kile tangu alipoolewa.
Akapiga magoti mbele yake, akafunua mzinga,
na kwa mara ya kwanza tangu mazishi
akatazama.

Baada ya saa nzima aliandika, kwa herufi ndogo:

mimi si mfugaji, nimerithi.
niko chini ya milima, jana usiku nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
mzinga wa saba: wafu vikombe viwili sakafuni,
wengine wamefia vichwa ndani ya vitundu vya sega,
makalio nje, kama watoto waliojificha vibaya.
harufu mbaya hakuna.
asali ipo, ila fremu ya pembeni,
vidole vinne kutoka walipokusanyika.
waliobaki wanavuma kidogo nikigonga.
nina sukari kilo tatu, sina kingine.
niambie cha kufanya leo kabla ya giza, si mwakani.
kama hujui, sema hujui.

Jibu lilikuja fupi kuliko swali.
Yaelekea ni njaa: baridi imewashikamanisha,
wameshindwa kuvuka vidole vinne.
Sukari kavu juu ya vichwa vyao, usiikoroge na maji, funika upesi.
Halafu nayo ikauliza:
ile mingine kumi na mitano,
ukiinyanyua kwa nyuma, ina uzito gani?

"Hapo sasa," mama akasema, akarudi thelujini.

Wa saba hatujui bado.

Mimi huwa ananiandikia: NIPO. SALAMA.
Usiku huu ujumbe wake nausogeza kwa kidole, hauishi:
mikono inavyonuka nta,
upande wa kitanda anaolalia siku hizi na kwa nini,
shetani wa kibaoni, ambaye kwa karibu
ana uso wa fundi aliyechoka.

Nimeandika: Sawa, mama.
Nimefuta.