Daftari la Vipimo

Mwaka wa thelathini na nne, Huddersfield, mvua ya mawe,
nilimpima mara ya kwanza.
Kiuno inchi ishirini na tatu,
bega kwa bega kumi na nne na nusu,
tumboni hamna kitu ila chai.
Nikaandika kwa penseli: *Thackray, Enid. Mjakazi wa pili.*
Kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kusema,
"Bibi, gari limefika."
Maneno matatu. Aliyasema hivi kwamba
wanawake wa viwanda vya sufu, kule juu karibu na dari,
viti vya bei ya mkate,
waligeuza shingo kulitazama hilo gari.

Husemwa nguo ya kuazima haisitiri.
Basi huyu alisitirika na nini miaka arobaini?
Jumatatu malkia, Jumatatu ya pili muuza samaki;
mchana akikariri mchezo wa wiki ijayo,
usiku akiigiza wa wiki hii,
na usingizini, alinong'ona mwenye nyumba wa Dewsbury,
akiikoroga yote miwili
hadi mfalme akauziwa samaki na kudai chenji.

Vita vikaja. Kitambaa kikawa cha kuponi.
Nikamshonea gauni la mjane kwa pazia jeusi la dirisha.
King'ora kilipolia hakukimbia.
Alingoja kivute pumzi,
akaichomeka sentensi yake hapo katikati.

Kisha London: studio zenye baridi ya ghala,
na kamera, jicho lisilopepesa.
"Punguza sauti," mwongozaji akamwambia.
"Punguza uso. Punguza tena."
Akanigeukia: "Dilys, hawa wananilipa nisifanye kitu."
Walimtaka kuanzia shingoni kwenda juu.
Naye, chini ya meza pasipoonekana,
akadai viatu vya yule mwanamke hasa,
vya soli iliyotoboka.

Na lile chozi.
Jikoni, anamenya viazi, nyayo zinapita mlangoni
wala hazisimami. Kisu hakisimami pia.
Chozi moja tu, shavu la kushoto.
Magazeti yalilizungumza mwaka mzima,
na maprofesa baada ya magazeti.
Yeye aliwachekesha wageni kwa hilo, karamu baada ya karamu:
"Ni pini ya Dilys! Ilinichoma nyonga.
Kikulacho ki nguoni mwako."
Nami nilicheka pamoja nao, nikipokea lawama na glasi ya sheri.

Asubuhi ile ilikuja telegramu.
Aliisoma wima, akaikunja mara nne,
akaitia ndani ya kiatu, juu ya tundu.
Sikuuliza.
Jioni nilipomvua gauni
pini ilikuwa imefungwa.

Daftari linaendelea. Ishirini na sita. Ishirini na tisa.
Thelathini na tatu, nikafumua mishono ya ubavuni
na kuongeza vipande, naye akitazama ukuta.
Televisheni ikampa nafasi za bibi kizee.
Akili ilianza kuvuja, akawa anaandika maneno yake
chini ya kisahani, ndani ya kikombe.
Siku moja kijana mgeni akakiosha kikombe.
Enid akachungulia, akaona kaure nyeupe,
akanywa hewa taratibu,
akasema jambo ambalo mwandishi wa mchezo
aliomba ruhusa kulibakiza.

Mara ya mwisho ilikuwa Scarborough,
chumba kinachotazama maegesho ya magari.
Hapakuwa na gauni la kushona. Tepu ilikuwa mfukoni tu,
kama ilivyo siku zote.
Akainua mikono bila kuambiwa,
akashusha pumzi ili nipate kipimo cha kweli.
Ishirini na tatu na nusu.
"Umeivuta tepu," akasema.
"Sijaivuta."
"Umeivuta, Dilys, nakujua."
Tukabishana mpaka chai ikaletwa,
na nilipofungua daftari
penseli ilikuwa imevunjika ncha.