Barua kwa Musau, Usiku Kabla ya Picha

Musau, kesho saa nne usije na tumbo lililojaa.
Bukari ya usiku ile mapema, kisha funga mdomo:
ukila, nyongo hukimbia kutoka kifukoni mwake,
nao wanataka kuikuta nyumbani.
Watakupa maji ya nanasi, bilauri moja, baridi.
Nilidhani ni ukarimu. Kumbe nanasi
huzima weupe wa maji ya tumboni
ili mirija midogo iwake peke yake.

Vua yote. Pete, hereni, pini za nywele,
hata sidiria ya waya, usione haya.
Mama Ngosa wa mashine aliniuliza mara tatu:
“Baba Kisimba, umewahi kusaga chuma?”
Nikacheka. Miaka ishirini na sita kiwandani,
chini ya bomba la moshi linaloonekana hadi Katuba!
Hakucheka. Alinitazama jicho la kushoto.
Nikakumbuka cheche ya mwaka ule
ambayo hata dada yako sikumwambia.
Wakapiga kwanza picha ya jicho.
Shaba, alisema, sumaku haina habari nayo;
chuma ndicho kikiitwa huitika.
Basi sema kila kitu. Kitanzi cha uzazi.
Msumari wa mguu, tangu ile pikipiki.
Sema hata wasipouliza.

Ndani ni bomba. Liko wazi pande zote mbili,
ila moyo hausadiki.
Linagonga kama mafundi wa Ruashi wakinyoosha bati.
Utaziba masikio. Mkononi utashika mpira:
ukizidiwa, ubinye, watakutoa.
Mimi niliubinya. Hakuna aliyenicheka.
Haiumi, haina mionzi. Sauti tu:
vuta pumzi, toa, usipumue.
Hapo uwe jiwe, la sivyo wanarudia.
Nilihesabu mabehewa ya treni ya madini,
nikafika kumi na saba.

Baadaye alinionyesha: mti mweupe katika giza la ini,
kongosho tawi moja jembamba, limejilaza,
na chini, penye kibano, nukta nyeusi
ndogo kuliko punje ya mchele.
Hiyo ndiyo iliyonipaka macho
rangi ya unga wa mahindi ya njano, kama yako leo.

Lakini picha haitoi jiwe, Musau.
Husema tu lilipo. Usitoke ukidhani umepona,
na jibu huenda lisitoke siku hiyohiyo.

Nitakuwa nje, kwenye benchi,
na pete zako mfukoni.