Nyumba Ndani ya Nyumba

Húsavík, Desemba. Saa tisa alasiri na giza limeshatua.

Kompyuta ni moja, mifumo ni miwili,
imekaa humu miaka sita kama wake wenza wenye adabu:
mmoja akiamka, mwenzake maiti.
Linux husikiliza ardhi. Waya unatoka dirishani,
unapita chini ya theluji hadi kwa kihisi shimoni,
na kila sekunde inaandikwa.
Windows anajua jambo moja tu,
mishahara ya ushirika wa sufu,
kwa programu ambayo aliyeitunga alihamia Kanada
na hajibu barua.

Basi kila mwisho wa mwezi nilizima, nikawasha,
nikalipa watu kumi na wanne,
nikazima, nikawasha.
Dakika ishirini. Nani angezidai?

Ardhi ilizidai. Oktoba,
naandika saa za ziada za Ásgrímur,
vikombe vikagongana kabatini.
Grafu ya siku ile ina pengo la jino la mbele:
hata ifumbe mdomo, naliona.
Sigfríður akapiga simu kutoka Akureyri.
"Ulikuwa wapi?"
"Nalipa mishahara," nikasema,
na chumba kizima cha upande wake kikacheka.

Leo sizimi.
Ndani ya mfumo unaosikiliza nimejenga mashine pepe:
kichakataji cha kuazima, kumbukumbu giga nne,
kadi ya mtandao isiyokuwapo.
Nikaielekeza kwenye diski ileile,
kipande kilekile. Si nakala.
Nimekagua mara tatu kwamba mwenyeji hajakigusa,
maana mikono miwili ikiandika daftari moja
hakuna atakayelisoma tena.

Vinukta vikazunguka. Vikazunguka.
Nikanywa kahawa iliyopoa.
Akaamka, akapapasa kuta.
"Kifaa kipya kimepatikana," akasema,
kisha tena, kisha tena,
halafu akataka nithibitishe kuwa mimi ndiye mmiliki halali.
Maskini. Amelala kitandani mwake
na wakambadilishia chumba.
Hajui kuna nyumba nje ya nyumba.

Nilimwonea huruma. Kisha nikampa kazi.

Kwenye jina la tisa kahawa ikachora duara.
Kushoto mwa skrini mstari ukaruka, ukatua:
mbili nukta tatu, kilomita nane chini ya ghuba.
Kulia, dirishani mwake, tarakimu zimesimama wima,
hata moja haikujikuna.

Nikamzima kwa utaratibu; sikumlaza.
Anayelazwa huikumbuka diski kama alivyoiacha,
na siku akiamka
huandika ndoto juu ya yaliyotokea.

Simu. Sigfríður.
"Umeiona?"
Nimeiona. Na Ásgrímur amelipwa.